Kamera iliyotumika kisiwani Lamu: anza na lenzi, shata iache mwisho

Msomaji wetu wa Mkomani, mjini Lamu, anauliza: "Mgeni mmoja aliyekaa Shela miaka kadhaa anarudi kwao Ulaya na anataka kuniuzia Canon EOS 5D Mark III pamoja na lenzi yake ya 24-105 kwa shilingi 95,000. Anasema imepiga picha chache tu, na kwamba muda wote ilikuwa ndani ya nyumba yenye kiyoyozi. Nataka kuitumia kwenye harusi, hasa upande wa wanawake, na siku za Maulidi. Nitajuaje kama ni nzima, na bei hiyo ni ya haki?"

Dada yangu, mambo mawili aliyokuambia muuzaji huyo, uchache wa picha na kiyoyozi, yanaweza kuwa kweli yote mawili na bado kamera isifae. Kifaa kilichofanya kazi Nairobi huchakaa zaidi kwa kutumika, ilhali kilichoishi Lamu huharibiwa zaidi na chumvi na unyevunyevu wa hewa, hata kikiwa kabatini hakiguswi na mtu. Kwa hiyo nakushauri uipindue desturi ya wanunuzi wengi, ambao huanza kwa kuuliza shata (pazia la ndani linalofunguka na kufunga kila picha inapopigwa) imefyatuka mara ngapi na huishia kuitupia lenzi jicho la haraka. Wewe anza na lenzi, ufuate sehemu zote za chuma, kisha sensa (sehemu ya ndani ya kamera inayopokea taswira), na hesabu ya shata uiache mwisho.

Nenda mchana, ukiwa na tochi ndogo yenye mwanga mkali, kadi mbili za kuhifadhia picha (moja ya CF na moja ya SD, kwa kuwa kamera hii ina nafasi ya kila moja), kompyuta ya mkononi na waya wa USB wa aina ya mini, ule wa zamani, kwani waya wa simu za siku hizi hauingii. Omba uachiwe saa nzima bila kuharakishwa. Muuzaji anayekupa dakika kumi barazani huku akisema boti inamngoja amekwisha kukujibu nusu ya swali lako.

Kabla ya yote, jua hasa unauziwa nini. Canon imetoa lenzi tatu tofauti za 24-105 zinazoingia kwenye kamera za aina hii: f/4L ya kwanza (f/ ni kipimo cha tundu la mwanga, namba ikikua tundu hupungua, na L ni daraja la juu la lenzi za Canon) ilitoka mwaka 2005, mwaka 2014 ikaja nyingine nyepesi isiyo ya daraja la L, ambayo tundu lake la mwanga huanza f/3.5 na kupungua hadi f/5.6 kadiri unavyovuta taswira karibu, na mwaka 2016 ikatoka f/4L ya pili. Zile mbili za L zina pete nyekundu karibu na mdomo wa lenzi, na ya mwaka 2016 imeandikwa II. Bei zao hazilingani, na muuzaji anayesema "24-105" bila zaidi huenda hana nia mbaya, lakini usitaje bei yoyote mpaka umesoma maandishi ya mbele ya lenzi kwa macho yako. Hapa nitachukulia kwamba ni ile ya mwaka 2005, kwa kuwa ndiyo iliyouzwa sana pamoja na Mark III katika boksi moja.

Itoe lenzi kwenye kamera na uondoe vifuniko vyote viwili. Ukikuta kichujio cha kioo mbele yake, kifungue pia, maana kichujio huficha mikwaruzo. Kikigoma kufunguka, tazama kama ukingo wake wa milimita 77 umebonyea, kwani hiyo ni alama ya kuanguka. Lenzi za Canon za mfumo wa EF zikiwa nje ya kamera hukaa tundu lao limefunguka lote, tofauti na lenzi nyingi za Nikon za mfumo wa F, ambazo ni lazima usukume kijiti kidogo cha nyuma ndipo zifunguke, kwa hiyo wewe utaona ndani bila taabu. Ingia penye giza, elekeza tochi kwenye lenzi kwa mshazari kutoka upande mmoja, na uangalie kutoka upande wa pili. Vitone vya vumbi vilivyotawanyika havina neno, kila lenzi iliyotumika inavyo na havionekani kwenye picha. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zenye matawi, kama utando wa buibui, ambazo mara nyingi huanzia ukingoni mwa kioo na kutambaa kuelekea katikati. Tafuta pia ukungu mweupe uliotanda sawasawa juu ya kioo cha ndani na usiofutika kwa nje. Lenzi yenye ukungu huo hutoa picha zilizofifia, hasa taa au jua likiwa mbele yako, na kwenye ukumbi wa harusi taa ziko kila upande.

Kuvu huota pale unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 65 kwa muda mrefu, na pwani yetu hiyo ndiyo hali ya kawaida, sembuse miezi ya masika. Ikiwa bado changa, fundi anaweza kuifungua lenzi na kuifuta ikaisha. Ikikaa, asidi inayotolewa na kuvu hula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo ili kuzuia mng'ao, na hapo hata nyuzi zikifutwa alama yake hubaki. Kwa tochi peke yake huwezi kutofautisha kwa uhakika hali hizi mbili, na ndiyo sababu msimamo wangu ni mkali: lenzi yenye kuvu kwenye vioo vya ndani naihesabu kuwa haina bei, na nikiichukua ni kama nyongeza isiyolipiwa. Wapo mafundi watakaosema kwamba nyuzi mbili tatu za ukingoni hazidhuru picha. Ni kweli, hazidhuru picha ya leo. Lakini mnunuzi anayekaa Lamu ataipeleka lenzi hiyo katika hewa ileile iliyoilisha kuvu, wakati fundi wa kuifungua yuko Mombasa au Nairobi.

Sasa nirudi kwenye kiyoyozi. Kikiwa kinafanya kazi hukausha hewa, na kwa hilo ni heri. Ila kamera iliyopoa usiku kucha, ikitolewa ghafla kwenye joto la nje, hushika matone ya maji juu ya vioo na chuma chake, na mwenye kulielewa hilo huiacha ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto ndipo aitoe. Muulize alikuwa akifanyaje. Swali la pili lina uzito zaidi: aliposafiri kwenda kwao miezi kadhaa, nyumba ikafungwa na umeme ukazimwa, kamera ilibaki wapi? Nyumba nyingi za wageni Shela huwa hivyo kila mwaka, na ni katika miezi hiyo, ndani ya begi la ngozi lililo kabatini, ambapo lenzi isiyotumika hupata madhara ambayo lenzi ya mpiga picha wa kila siku haiyapati. Maneno yake kwamba imepiga picha chache, ukiyatazama kwa njia hii, si sifa tupu.

Vioo vikiwa safi, irudishe lenzi kwenye kamera na ujaribu udhaifu wa lenzi hii yenyewe, ambao mafundi wanaujua vizuri. Ndani yake mna mkanda mwembamba wa umeme unaokwenda kwenye visu vya tundu la mwanga, nao hukunjika na kunyooka kila unapozungusha pete ya kuvuta taswira, hata baada ya miaka ukakatika. Hapo tundu likiwa wazi kwenye f/4 lenzi hufanya kazi kama kawaida, lakini ukilipunguza kamera inagoma na kuandika Err 01. Muuzaji anayejua hilo ataiweka kwenye f/4 kabla ya kukukabidhi. Wewe weka f/11, upige picha kwenye 24, 35, 50, 70 na 105 (namba za milimita zilizo kwenye pete ya kuvuta taswira), kisha urudi nyuma kwa utaratibu uleule, na mwangaza wa picha zote uwe sawa. Washa pia kitulizo cha mtikisiko, ubonyeze shata nusu ukichungulia kwenye 105: taswira itatulia na utasikia mvumo mdogo sana, ambao ni wa kawaida, ikirukaruka au ikikereza, kimechoka. Mdomo wa lenzi ukiteremka wenyewe unapoielekeza chini, hilo ni umri tu, usilitie kwenye hesabu.

Kipo kipimo kimoja ambacho mji wenu umekirahisishia kuliko miji mingine. Lenzi iliyoanguka huweza kuonekana nzima kwa nje huku kioo kimoja cha ndani kimekaa upande, na picha zake zikawa kali upande wa kulia na hafifu upande wa kushoto. Ili kulijua hilo unahitaji kitu bapa, kikubwa, chenye mistari midogo kila pembe, na mlango wa nakshi wa Lamu unafaa kabisa. Simama mbele yake sawasawa, usiwe kwa pembeni, kamera ikiwa imetua juu ya kitu kisichotikisika, upige kwa f/4 na tena kwa f/8 kwenye 24, 50 na 105. Zifungue picha kwenye kompyuta, uzikuze, ulinganishe pembe nne. Pembe zote zikiwa hafifu kidogo kwa f/4 na zikakaza kwa f/8, hiyo ni tabia ya lenzi. Pembe moja au upande mmoja ukibaki hafifu hata kwa f/8, imepigwa mahali, na kuinyoosha ni kazi ya karakana yenye vipimo, ambayo fundi wa mtaani hana.

Chumvi ina dalili zake. Geuza kamera chini juu na uangalie vichwa vya skrubu za tumboni kwa tochi, kisha pete za mkanda wa shingoni, kiti cha flashi, nafasi ya betri na vijiti vya dhahabu pale lenzi inaposhikana na kamera. Unga mweupe au wa kijani kwenye vishikizo vya umeme na kutu kwenye skrubu kadhaa kwa pamoja maana yake ni kwamba maji ya bahari yalifika, pengine rasharasha za boti tu, pengine zaidi. Skrubu moja yenye kutu ya juujuu ni jambo la kujadili bei. Kutu ndani ya nafasi ya betri ni jambo la kushukuru, kuaga na kuondoka, kwa sababu chumvi iliyoingia kwenye saketi huendelea kula hata baada ya kukauka, na kamera itakufia siku usiyoitarajia, pengine bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anatolewa. Vichwa vya skrubu vikiwa na mikwaruzo, imewahi kufunguliwa. Muulize na nani, na kwa nini. Zungusha pia pete mbili za lenzi karibu na sikio: mchanga wa Shela husikika.

Mpira wa mshikio ukiwa umebanduka si kitu, hugundishwa.

Nafasi ya kadi ya CF inataka uangalifu mkubwa, na watu wengi huisahau. Ndani yake mna vijiti vyembamba vilivyopangwa kwa safu, na kadi ikisukumwa vibaya kimoja hupinda, kikigusa mwenzake kadi haisomeki. Muuzaji atakuonyesha kamera ikipiga picha kwa kadi ya SD na kila kitu kitaonekana sawa. Angaza tochi mle, kisha utie kadi yako ya CF na upige. Kwa kazi yako hili ni jambo kubwa: kamera hii inaweza kuandika kila picha kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa picha za wanawake ndani ya ukumbi wao, ambazo huwezi kwenda kuzipiga upya wala kumwomba mtu mwingine aliyehudhuria akupe za kwake, ulinzi huo una thamani kuliko sifa nyingine nyingi. Kama CF imekufa utabaki na SD peke yake, ambayo kwenye Mark III ni ya polepole.

Kwa sensa, weka f/22, zima fokasi ya otomatiki, piga mbingu iliyo tupu huku taswira ikiwa imevurugika makusudi, kisha ukuze. Madoa meusi yenye kingo laini ni vumbi, nalo husafishwa. Alama yenye umbo la mstari au yenye matawi, isiyohama hata baada ya kupulizwa kwa pampu ya mkono, ni mkwaruzo au kuvu juu ya kioo cha sensa. Halafu funika lenzi na upige picha ya giza kwa sekunde 30 ukiwa ISO 1600 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga): nukta chache za rangi ni za kawaida kwa kifaa cha mwaka 2012, ila mstari mzima kutoka juu hadi chini haukubaliki, kwa kuwa mistari ya namna hiyo huachwa, miongoni mwa sababu nyingine, na miali ya leza za kumbi za sherehe inapopiga sensa moja kwa moja. Jaribu fokasi kwenye chumba chenye mwanga hafifu, si uani penye jua, kwa maana harusi zako zitakuwa humo, na utie flashi kwenye kiti chake uone kama inawaka, kwa sababu kamera hii haina flashi yake yenyewe.

Sasa shata. Canon iliikadiria ya Mark III kufikia mizunguko 150,000 katika majaribio yake. Ziko zinazokufa mapema na ziko zinazovuka mbali. Jina la faili halikuambii lolote, kwa sababu namba zake huishia 9999 na kuanza upya, na mtu anaweza kuzianzisha upya apendapo. Kamera nyingi za Nikon, D750 mojawapo, huandika hesabu hiyo ndani ya kila picha, lakini kwa Mark III itabidi uiunganishe na kompyuta na utumie programu ya kuisoma. Ndiyo kazi ya waya ule wa mini. Hesabu ikiwa chini ya 60,000 nisingeijadili. Ikiwa juu ya 120,000 ningetoa kwenye bei gharama ya kuweka shata mpya. Kumbuka tu kwamba kurekodi video saa nzima hakuongezi hesabu hiyo ila kidogo sana, hivyo kamera iliyofanya kazi ya video miaka mingi inaweza kuonekana kijana.

Bei. Usiikadirie kama kitu kimoja. Tenga kamera na lenzi. Tangu Canon ilipotoa EOS R mwaka 2018 na kuhamia kamera zisizo na kioo cha kupinduka, wapiga picha wengi wameuza zile za zamani, na miili (yaani kamera bila lenzi) kama Mark III imeshuka thamani na itaendelea kushuka. Lenzi za EF zimeshuka taratibu zaidi, kwa sababu zinaingia kwenye kamera mpya kwa kutumia kiunganishi, na hiyo lenzi ya L utaendelea kuwa nayo siku mwili utakapokufa. Uliza katika maduka manne au matano ya Nairobi bei ya mwili peke yake na lenzi ya mwaka uleule peke yake, zote zikiwa safi. Bei ya duka ina udhamini wa muda fulani ndani yake. Mgeni anayepanda ndege Manda wiki ijayo hana udhamini wowote wa kukupa, kwa hiyo bei yake lazima iwe chini. Kutoka hapo toa kila ulichokiona, na usisahau kutoa safari: tengenezo lolote litakutaka uvuke hadi Mokowe na kupanda basi, au ulipe ndege, na wiki kadhaa za harusi zipite bila chombo. Mpigie fundi kabla, umwulize kwa shata ya Mark III na kwa mkanda wa tundu wa 24-105 anatoza ngapi, ili unapojadiliana uwe na tarakimu na si hisia.

Kwa maoni yangu, kwa lenzi ya mwaka 2005, shilingi 95,000 ni nyingi hata vyote vikiwa safi. Ningeanzia 60,000, na kupanda kwangu kungetegemea kama anatoa betri mbili halisi za Canon, chaja na kadi za CF. Menyu ya kamera ina ukurasa wa betri unaoonyesha uwezo wake wa kuchajika kwa vipande vitatu vya rangi. Betri yenye kipande kimoja chekundu ni ya kununuliwa upya, na za bandia ni nyingi sokoni. Ikiwa lenzi ni ile ya II na imepita vipimo vyote, bei yake inazungumzika.

Namba ya kamera iko tumboni mwake na pia huandikwa ndani ya kila picha, basi hakikisha zinalingana, na utazame kwenye menyu kama kuna jina la mwenye haki za picha. Likiwa si la muuzaji, akueleze. Andikishaneni karatasi yenye namba za kamera na lenzi, jina lake na namba ya pasipoti, tarehe, na mashahidi wawili, na umlipe kwa M-Pesa ili malipo yawe na kumbukumbu. Kamera za wageni huibiwa ufukweni, na hutaki kuulizwa swali usilokuwa na jibu lake.

Ukiinunua, begi lake la ngozi mwachie. Tafuta sanduku la plastiki linalofunga kwa mpira, utie vifuko vya silika na kipimaunyevu kidogo, na uhakikishe unyevu wa ndani unakaa kati ya asilimia 40 na 50. Mchele ambao watu hupenda kuutumia una vumbi na haukaushi vya kutosha. Chagua silika inayobadilika rangi, kwa sababu katika hewa ya Lamu itashiba upesi, na ikishageuka rangi uipashe moto mdogo mpaka irudie rangi yake ya mwanzo, uiache ipoe ndani ya chombo kilichofunikwa, ndipo uirudishe sandukuni.